Ghorofa ya Tatu, Mlango wa Kushoto

SEHEMU YA 3

ILIPOISHIA: Dalali alitupandisha hadi ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto, katika jengo moja nyuma ya Mwenge. Mwenye nyumba alitukaribisha na kutuambia mpangaji wake ametoka wiki iliyopita tu. Umeme haukuwapo. Nikasoma namba ya mita kwenye korido, nikanunua LUKU ya shilingi 50,000 kwa simu yangu ili nizione taa zikiwaka. Ujumbe ukaingia. Nikausoma mara mbili, nikainua macho nikamtazama mwenye nyumba. SASA ENDELEA...

"Kodi ya jengo, shilingi 37,500," nilisoma kwa sauti.

Hakuna aliyenijibu. Dalali alijifanya anakagua bawaba za dirisha. Baba Neema alikuwa anafungua na kufunga bomba la sinki, bomba lenyewe halitoi maji.

Aliyewahi kuishi ghorofani Dar es Salaam anaijua hesabu ile kama anavyolijua jina lake. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo tunakatwa humohumo kwenye umeme. Nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, ghorofa ni 7,500. Usiponunua umeme mwezi huu, deni halikusahau, linakaa pale kwenye mita likikungoja. Chukua 37,500, gawanya kwa 7,500.

"Miezi mitano," nikasema. "Kaka yangu, huyo mpangaji aliyetoka wiki iliyopita alikuwa anawasha kibatari?"

Mwenye nyumba alicheka. Ni mtu wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka mistari inasimama, na alikuwa na kicheko kizuri, kile kinachokufanya uone haya kwa kuuliza.

"Dada, wewe una macho. Basi niseme ukweli. Nyumba imefungwa tangu mke wangu aende Mwanza kumuuguza mama yake. Tuliishi hapa miaka sita, mimi nikahamia kwa kaka yangu Mbezi. Nikiwaambia wateja nyumba imekaa tupu miezi mitano, wanadhani ina mashetani."

"Si umesikia?" Baba Neema akadakia. "Mtu amejieleza. Watu wanaficha makubwa kuliko hayo."

Hapo ndipo nilipostuka, na si kwa sababu ya mwenye nyumba. Kwa miezi miwili mizima mume wangu alikuwa anaiita biashara hii "kununua hewa." Leo ndiye anayeitetea hewa.

* * *

Niwarudishe nyuma kidogo, maana wapo waliolikosa gazeti la kwanza.

Tumepanga Sinza mwaka wa tisa sasa. Kodi ni shilingi 600,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba wetu anataka miezi sita kwa mkupuo. Kila baada ya miezi sita mimi na Baba Neema tunakuwa maskini wa ghafla. Nina duka la steshenari karibu na Mlimani: natoa kopi, nachapa, nafunga tasnifu za wanafunzi wa chuo. Nikitoka Mwenge ni mwendo wa miguu. Ndiyo maana niliposikia fleti ya vyumba viwili inauzwa shilingi milioni 140, nilikosa usingizi.

Baba Neema yeye alitaka kiwanja Madale. Kwa bei ya fleti ile, alisema, tungepata kiwanja, tungejenga, na bado tungebaki na hela ya kisima. Nami nilimjibu kwamba hajawahi kupanda daladala la saa kumi na moja alfajiri kutoka huko akiwa amebeba rimu nne za karatasi na mtoto wa chekechea.

Mama mkwe alipiga simu kutoka Moshi. Kwao mtu ana kihamba, na kihamba kina migomba, na chini ya migomba wamelala babu zake.

"Mama Neema, nasikia mnanunua chumba kilichokaa juu ya vyumba vya watu?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa migomba mtapanda kwenye sinki? Na siku jengo likianguka, mtaonyesha kiwanja kipi?"

Sikumlaumu. Hakuna mzazi mwenye mtoto Dar es Salaam aliyesahau lile ghorofa lililoporomoka mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013, wala la Kariakoo la tarehe 16 Novemba 2024. Nilimwambia hili letu ni la ghorofa nne tu na nguzo zake nimezigonga kwa mkono wangu. Akaniuliza tangu lini mchapaji wa karatasi akajua nguzo.

Halafu kuna hesabu ya benki, ambayo mimi niliiandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati ili iniogopeshe. Tuna milioni 60 za akiba. Milioni 80 tunakopa kwa riba ya asilimia 16, miaka 15. Marejesho ni takriban shilingi 1,175,000 kila mwezi. Zidisha kwa miezi 180: tunachukua milioni 80, tunarudisha kama milioni 211. Bado ada ya mlinzi, pampu ya maji na usafi wa ngazi. Baba Neema aliisoma karatasi ile mara moja tu, akafunga kabati, akasema, "Hapa tunajengea benki."

Sasa mtu aliyesema hivyo mwezi wa pili, mwezi wa tatu anasema, "Mama Neema, tuwahi, kuna Mchina anaitaka." Mchina huyo nilimsikia kwa dalali pia, neno kwa neno. Kila nyumba inayouzwa Dar es Salaam ina Mchina anayekuja kesho.

* * *

Jumamosi baada ya kuiona ile fleti nilikwenda kumsalimia baba yangu pale kwenye vinyago vya Mwenge. Mzee alikuja mjini kutoka Newala na tezo moja na patasi mbili, na kwa mikono hiyo alitusomesha wanne. Siku hizi macho yamepungua. Hachongi, anakaa kwenye kigoda mbele ya kibanda na kuwakosoa wanaochonga.

Nilimweleza habari yote: LUKU, mke aliye Mwanza, haraka ya Baba Neema. Akasikiliza huku amekishika kinyago cha jirani yake, mzee mwenye fimbo, cheusi kinang'aa.

"Hiki ni mti gani?" akaniuliza.

"Mpingo, baba."

"Kipime."

Nikakipokea. Kilikuwa chepesi. Mtoto wa Mmakonde hahitaji kuambiwa mara mbili, mpingo ukiutupa majini unazama kama jiwe. Hiki kingeelea mpaka Zanzibar.

Mzee akakigeuza miguu juu, akachomoa kisu kidogo, akakwangua chini. Ndani kikatoka cheupe kama muhogo. Mwenye kinyago akajifanya hatuoni.

"Wanapaka kiwi ya viatu, wanasugua na kitambaa. Mzungu anatazama uso, anasema maridadi, analipa. Lakini mpaka kiwi huchoka mkono akifika makalioni, mama. Huko hapaki mtu." Akanirudishia kinyago. "Hiyo nyumba yenu, mmeangalia wapi?"

* * *

Jumapili Baba Neema aliniomba funguo za duka. Kuna barua za jumuiya, alisema, anataka kutoa kopi kabla ya ibada. Nikampa. Tulipokuwa tunamshusha Neema kwa shangazi yake niliona kitochi kwenye dashibodi ya gari, kisimu kidogo cha vibonyezo, kimefungwa mpira wa manjano.

"Cha nani hiki?"

"Cha fundi. Amekisahau."

Jumatatu asubuhi nilifungua duka, na kabla ya yote nikasoma kaunta ya mashine. Ni tabia yangu tangu kijana mmoja aliponiibia kopi mwaka mzima: Jumamosi jioni nasoma namba naiandika kwenye daftari, Jumatatu nasoma tena. Jumamosi ilikuwa 48,216. Jumatatu 48,219.

Kopi tatu. Jumuiya yetu ina kaya zisizopungua ishirini. Nikasema moyoni labda walisomeana, nikaendelea na kazi.

Kazi yenyewe siku hiyo ilikuwa na kero. Alhamisi iliyotangulia mwanafunzi mmoja aliburuta kitambulisho chenye kipini cha chuma juu ya kioo cha mashine, akakikwaruza. Mkwaruzo si mkubwa, ni kama ukope uliodondoka, uko pembeni chini upande wa kulia, na una kijimkia kinachopinda juu. Lakini tangu siku hiyo kila kopi inayotoka inatoka na ukope wake. Wanafunzi wanapuliza karatasi wakidhani ni uchafu. Fundi aliniambia kioo kipya, nikamwambia asubiri, nina nyumba ya kununua.

* * *

Wakili wetu ni mama mmoja wa Kijitonyama mwenye miwani ya kamba na sauti ya mwalimu wa zamu. Tulikuwa tumemwendea wiki iliyotangulia, na swali lake la kwanza lilikuwa lile ambalo mimi sikuwahi kulifikiria.

"Mnauziwa kwa hati ipi? Ya kiwanja au ya sehemu ya jengo?"

Akatueleza kama anavyowaeleza wateja wote, nadhani, maana hakupumua. Tangu ije sheria ya mwaka 2008 mtu anaweza kumiliki fleti kwa hati yake mwenyewe. Vilivyo ndani ya kuta zako ni vyako. Ngazi, paa, tenki, geti na ardhi yenyewe ni vya wote, kila mmoja na fungu lake. Lakini mji umejaa watu waliolipa mamilioni wakapewa mkataba na ufunguo, hati imebaki moja ya jengo zima, kwa jina la aliyejenga. Siku aliyejenga akishindwa kulipa mkopo wake, benki inalikamata jengo pamoja na pazia zako.

Ya kwetu ilikuwa na hati ya sehemu. Wakili akafanya upekuzi kwa msajili wa hati, majibu yakarudi safi: jina ni la muuzaji, hakuna rehani, hakuna zuio. Baba Neema alinibana mkono chini ya meza kwa furaha.

"Msifurahi bado," wakili akasema. "Msajili anaandika jina lililopo. Hakuniandikia kama mtu ana mke. Huyu bwana amesema waliishi hapo miaka sita. Hiyo ni nyumba ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59: hauzi bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina la mwenzake halipo popote. Nitataka ridhaa ya mke, imesainiwa mbele ya wakili, na kopi ya kitambulisho chake cha NIDA, na namba yake ya simu. Bila hivyo nyie nendeni Madale."

Nilimwona Baba Neema akimeza mate. Ajabu, neno Madale halikumpendeza.

* * *

Jumatano, saa nane mchana, tulikuwa watano kwenye ofisi ile: wakili, mwenye nyumba, dalali, mimi na mume wangu. Feni inazunguka na kulia kama inaomba msamaha. Nje barabara imechimbwa kwa ajili ya mwendokasi, vumbi linaingia mpaka kwenye chai.

Siku hiyo tulikuwa tunalipa milioni 30 za mwanzo kutoka kwenye akiba yetu. Zilikuwa tayari kwenye simu ya Baba Neema, amebakiza kuweka namba ya siri ya benki. Nyingine zingekuja baada ya benki kupitisha mkopo. Koti lake alilitundika kwenye kiti changu, maana joto lilikuwa kali.

Mwenye nyumba akatoa bahasha ya kaki.

"Imefika jana kwa basi. Nimeifuata mwenyewe stendi ya Magufuli, nimepanga foleni saa nzima. Mama watoto ameshughulika nayo hukohuko Mwanza, kila kitu, mpaka kopi ya NIDA. Wiki nzima hajatoka hospitali ila kwa hilo."

Wakili akasoma ridhaa. Ilikuwa na saini, ilikuwa na muhuri wa bluu wa wakili wa Mwanza, ilikuwa na picha ndogo ya mwanamke mwenye kilemba. Akatikisa kichwa kukubali, akanipitishia mimi karatasi zote nizitazame.

Nikaisoma ridhaa. Nzuri. Nikaitazama picha, nzuri. Nikachukua ile kopi ya kitambulisho, uso wa mwanamke yuleyule, herufi zimekolea, wino haukutawanyika. Kopi safi, ya mashine iliyotunzwa. Nilikuwa karibu kuirudisha mezani.

Halafu, sijui kwa nini, kidole changu kikaenda pembeni chini, upande wa kulia.

Palikuwa na ukope.

Nikaupuliza, kama wanafunzi wanavyofanya. Haukuruka. Nikaisogeza karatasi karibu na dirisha. Ukope ulikuwa na kijimkia, na kijimkia kilikuwa kimepinda juu.

Mkwaruzo ule ulizaliwa Alhamisi, dukani kwangu, mbele ya macho yangu. Karatasi iliyotolewa Mwanza ingeupata wapi?

Kopi ya kitambulisho moja. Ridhaa, na labda ya akiba. Tatu. 48,216 mpaka 48,219.

"Mama Neema," mume wangu akaniita kwa upole, akinisogezea kalamu. "Saini basi. Benki inafunga saa kumi."

Nilitaka kumtazama usoni, nikakumbuka kinyago. Nikamtazama mkono. Kalamu ilikuwa inatetemeka.

"Mama wakili," nikasema, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine, "kuna namba ya huyu mama hapa chini. Naomba tumpigie. Nimsalimie tu, nimpe pole ya mgonjwa."

"Saa hizi yuko wodini," mwenye nyumba akasema haraka. "Wanazuia simu."

"Kwa kweli dada, tusisumbue wagonjwa," dalali akaongeza.

Wakili alivua miwani. Akawatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anayetafuta nani kapiga mluzi.

"Hapana, mama amesema vizuri. Kumpigia ni utaratibu mzuri. Kama anazuiwa, hatapokea."

Akaiweka simu yake katikati ya meza, akabonyeza spika, akaandika namba tarakimu moja moja kutoka kwenye karatasi. Mwenye nyumba alisimama nusu, akakaa tena. Feni ikalia.

Simu ikaita kwenye spika.

Na nyuma ya mgongo wangu, ndani ya koti la mume wangu lililotundikwa kwenye kiti changu, kitu kidogo kikaanza kutetemeka na kuimba mlio ule wa vitochi.

ITAENDELEA

Kama namba ya mke inaita ndani ya koti la Baba Neema, basi mwanamke mwenye kilemba yuko wapi, na milioni 30 zilikuwa zinakwenda kwa nani? Usikose sehemu ya 4, Jumamosi ijayo.